Mwandishi Ni Zao la Jamii: Je, Jamii Ipi? Wasanii wa Afrika Mashariki Waishio Ughaibuni

1. Utangulizi

Mtahiniwa, bila shaka umekwisha kukutana na swali hili au ndugu yake: "Mwandishi ni zao la jamii yake. Jadili." Ni swali la siku nyingi, nalo hurudi kila mara kwa maneno tofauti. Watahiniwa wengi hulijibu hivi: mwandishi huzaliwa katika jamii, hulelewa na jamii, huandika matatizo ya jamii, kwa hiyo yeye ni zao la jamii. Jibu hilo si baya, lakini linaacha jambo moja. Mtu akizaliwa Zanzibar, akaishi Uingereza zaidi ya miaka 50, akaandika kwa Kiingereza habari za watu wa pwani ya Afrika Mashariki, yeye ni zao la jamii ipi?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Watanzania wengi walishangilia. Wengine wakauliza: huyu ni wetu au ni wa Waingereza? Wapo waliosema kwamba mahali mtu alipozaliwa ndipo kwao. Wapo waliosema sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua uraia wa kwingine si mwenzetu tena. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini wengi wa waliobishana hawakuwa wamesoma hata kitabu chake kimoja, na humo vitabuni ndimo alimokuwa akilijadili swali hilohilo tangu mwaka 1987.

Ukimaliza kusoma sehemu hii unatakiwa uweze:

(a) kueleza maana ya utambulisho, urithi na ughaibuni;
(b) kueleza safari za wasanii wanne wa Afrika Mashariki waishio au waliowahi kuishi nje ya nchi zao;
(c) kuonyesha jinsi safari hizo zinavyojitokeza katika kazi zao;
(d) kujibu swali la kujadili juu ya mada hii bila kurudia majibu ya kukariri.

2. Maana ya dhana muhimu

*Ughaibuni* ni mahali mbali na nchi ya asili ya mtu. Watu wa nchi fulani wanaoishi ughaibuni huitwa kwa ujumla *diaspora* ya nchi hiyo. Neno hili halielezi sababu ya kuondoka. Mkimbizi, mwanafunzi, mfanyakazi na mtoto aliyebebwa na mama yake wote huingia humo.

*Utambulisho* ni jibu la swali "Mimi ni nani?" Jibu hilo hutolewa na pande mbili. Upande mmoja ni mtu mwenyewe: jina lake, lugha yake, imani yake, watu anaowaita ndugu. Upande wa pili ni watu wengine: wanavyomwita, wanavyomwandika katika hati, wanavyomtazama mitaani. Pande hizi mbili zikikubaliana, mtu hana haja ya kujiuliza. Zikigongana, hapo ndipo mgogoro wa nafsi huanza. Shika jambo hili, kwa sababu kazi nyingi za wasanii wa ughaibuni zinatokana na mgongano huo.

*Urithi* ni kile ambacho kizazi kimoja hupokea kutoka kwa kilichotangulia: lugha, visa, dini, mavazi, chakula, majina, na hata majeraha. Usiandike urithi kana kwamba ni mambo mazuri peke yake. Kumbukumbu ya utumwa ni urithi. Hofu ya mzazi aliyewahi kufungwa nayo ni urithi.

3. Maswali manne ya kumsoma msanii wa ughaibuni

Kabla hujaandika chochote juu ya msanii wa aina hii, jiulize maswali manne:

1. Aliondokaje, na alikuwa na umri gani?
2. Alibeba nini kutoka kwao?
3. Anatumia lugha au chombo gani?
4. Anazungumza na nani?

Maswali haya ni mepesi, lakini yatakuepusha na kosa kubwa kuliko yote katika mada hii, yaani kuwatendea wasanii wote wa ughaibuni kana kwamba ni mtu mmoja. Aliyekimbia akiwa na miaka 18 hana mambo sawa na aliyeondoka akiwa mchanga. Tuwatazame wanne.

4. Wasanii wanne na safari zao

4.1 Abdulrazak Gurnah: aliyeondoka akiwa kijana

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta akiwa na miaka 15. Familia yake ilikuwa na asili ya Uarabuni, na watu wa asili hiyo walipata taabu nyingi katika kipindi kile. Akiwa na miaka 18 aliondoka kwenda Uingereza. Hakuweza kurudi Zanzibar hadi mwaka 1984. Safari hiyo ilimwezesha kumwona baba yake muda mfupi kabla baba huyo hajafariki. Huko Uingereza alisoma, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kisha akafundisha fasihi chuoni hapohapo kwa miaka mingi.

Riwaya yake ya kwanza, *Memory of Departure*, ilitoka mwaka 1987. Jina lenyewe linahusu kumbukumbu ya kuondoka. Tangu hapo ameandika riwaya nyingine, na karibu zote zina mtu aliyeng'olewa mahali pake.

Tazama mfano wa *By the Sea* ya mwaka 2001. Saleh Omar, mfanyabiashara mzee kutoka Zanzibar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Pasi aliyonayo ina jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, kwa hiyo ananyamaza ingawa anaelewa kila neno. Katika mzigo wake mdogo ana kijisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakichukua.

Mtahiniwa, soma tena tukio hilo kwa jicho la mhakiki. Kwa muda mfupi mtu huyu amekosa vitu vitatu: jina lake, sauti yake, na harufu ya kwao. Mwandishi hakuhitaji kusema kwamba ukimbizi ni mgumu. Ametuonyesha kijisanduku kikitoka mikononi mwa mwenyewe. Na msomaji wa pwani anaelewa zaidi, kwa kuwa anajua udi hufukizwa wapi: harusini, kwenye nguo za sikukuu, katika chumba cha mgeni. Ofisa hajui hayo, na pengine hakujali kuyajua.

Mfano wa pili ni riwaya ya *Paradise* ya mwaka 1994. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz. Yeye anadhani anakwenda kwa ami yake. Baadaye Khalil, kijana anayefanya kazi katika duka la tajiri huyo, anamweleza ukweli: Aziz si ami yako, nawe umewekwa rehani kwa deni la baba yako, mwite seyyid. Hapa utambulisho wa mtoto unabadilika kwa neno moja la heshima. Jana alikuwa mpwa, leo ni dhamana ya deni. Riwaya hii haifanyiki Ulaya hata kidogo. Inatuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mgeni bila kuvuka bahari.

Kuhusu lugha, Gurnah alikulia katika Kiswahili lakini anaandika kwa Kiingereza. Hata hivyo maneno kama seyyid na mnyapara yamo ndani ya Kiingereza chake. *Paradise* ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*. Yaani msomaji wa Kiswahili alisubiri miaka 28 kukisoma katika lugha yake kitabu kinachohusu pwani yake. Hapo kuna hoja nzuri kwa swali la nne: msanii anazungumza na nani, na nani anachelewa kumsikia?

4.2 Abdilatif Abdalla: aliyebaki ndani ya lugha yake

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Akiwa na miaka 22 alifungwa na serikali ya Kenya kwa sababu ya waraka alioupa jina *Kenya: Twendapi?* Alikaa kifungoni kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalipotoka kama diwani mwaka 1973 yaliitwa *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Baada ya kutoka gerezani aliondoka Kenya. Kwanza alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1979 alihamia London kufanya kazi katika idhaa ya Kiswahili ya BBC. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990 hadi alipostaafu, alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani.

Hebu linganisha safari hii na ya Gurnah. Wote wawili ni watu wa pwani, wamepishana umri kwa miaka miwili tu, na wote waliondoka kwa sababu za kisiasa. Lakini Abdilatif hakuhama lugha. Mombasa alitunga kwa Kiswahili, Dar es Salaam alikifanyia kazi, London alikitangaza, Leipzig alikifundisha. Nchi zilibadilika mara tatu na lugha ikabaki ileile. Tena mashairi yake yamebeba lahaja ya Kimvita, yaani lugha ya Mombasa hasa, pamoja na kanuni za vina na mizani ambazo washairi wa pwani walizitumia kabla yake kwa karne nyingi.

Kumbuka pia kwamba *Sauti ya Dhiki* ilitungwa kabla hajaenda ughaibuni. Ilitungwa nchini mwake, ndani ya kuta za gereza. Hii ina maana kwamba kutengwa na jamii hakuanzi uwanja wa ndege. Mtu anaweza kutengwa akiwa kwao, kwa sababu amesema neno ambalo wakubwa hawakulitaka.

4.3 Lubaina Himid: aliyeondoka bila kumbukumbu

Lubaina Himid ni mchoraji. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba yake akiwa mtu wa asili ya Komoro na mama yake Mwingereza. Baba alifariki Lubaina akiwa mchanga, na akiwa na miezi minne mama yake alirudi naye Uingereza. Kwa hiyo hana hata kumbukumbu moja ya utotoni kuhusu mahali alipozaliwa. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa huko Uingereza. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Mtu asiyekumbuka anarithi nini? Hili ndilo swali la kumuuliza msanii huyu. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, na Himid amechora kazi nyingi zenye mpangilio wa kanga. Wewe unaijua kanga: ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi yanayosema lile ambalo mvaaji hataki kulisema kwa kinywa. Himid ameutumia mpangilio huo katika picha zake. Kwa mtazamaji wa Uingereza hiyo ni picha nzuri yenye maneno. Kwa mtazamaji wa Unguja au Tanga, hiyo ni kanga inayosema naye.

Kazi yake nyingine mashuhuri ni *Naming the Money* ya mwaka 2004. Ina sanamu bapa 100 za watu, zimechorwa kwa rangi na kukatwa kwa kimo cha binadamu. Ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Kila mmoja ana majina mawili, lile alilopewa na wazazi wake na lile alilobandikwa na bwana wake. Kila mmoja anaeleza kazi aliyokuwa akiifanya zamani na anayofanya sasa.

Unaona jinsi kazi hii inavyogusa maana tuliyoitoa katika sehemu ya 2? Utambulisho una pande mbili, na hapa pande zote mbili zimeandikwa juu ya mtu mmoja. Hata mtumwa aliyeitwa jina la kigeni aliendelea kujua jina lake. Himid hakuwa mtumwa, wala haelezi maisha yake mwenyewe moja kwa moja. Anatumia historia ya watu wengi kulijibu swali linalomhusu na yeye.

4.4 Wangechi Mutu: anayekwenda na kurudi

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Aliondoka kwa ajili ya masomo, kwanza Wales, halafu Marekani, ambako alihitimu shahada ya uzamili ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Aliishi New York miaka mingi. Sasa ana karakana Nairobi na nyingine New York, na hufanya kazi katika miji yote miwili.

Alijulikana kwanza kwa kolaji, yaani picha inayotengenezwa kwa kukata vipande vya picha nyingine na kuvibandika pamoja. Mutu alikata picha za wanawake kutoka kwenye magazeti ya mitindo, picha za vitabu vya tiba, picha za wanyama na za mashine, akaunda miili ya wanawake isiyofanana na mwili wowote wa kawaida. Fani hapa ndiyo maudhui. Mwanamke wa Kiafrika hutazamwa kwa macho mengi: macho ya wauza urembo, ya daktari, ya mtalii. Msanii amevichukua vipande vya macho hayo na kutengeneza mtu mpya ambaye hakuna kati yao awezaye kumdai.

Mwaka 2019 makumbusho makubwa ya Metropolitan mjini New York yaliweka sanamu zake nne za shaba mbele ya jengo lao. Ukuta huo una vidaka, yaani nafasi zilizoingia ukutani kama zile za nyumba za kale za Lamu. Vidaka hivyo vilijengwa mwaka 1902 viwekwe sanamu, lakini vilibaki vitupu zaidi ya miaka 100. Sanamu za kwanza kukaa humo zilikuwa wanawake wanne waliochongwa na Mkenya. Wameketi, hawajabeba mzigo wa mtu yeyote, na wamevaa mapambo yanayotokana na desturi za wanawake wa Afrika.

Mutu anatukumbusha kwamba ughaibuni si lazima iwe safari ya upande mmoja. Wapo wanaokaa kotekote.

5. Ulinganisho kwa ufupi

Jikumbushe kwa muhtasari huu:

- Gurnah: aliondoka akiwa na miaka 18 kwa misukosuko ya kisiasa; alibeba kumbukumbu za pwani; anaandika riwaya kwa Kiingereza.
- Abdilatif: aliondoka baada ya kifungo cha kisiasa, alibeba lugha na kanuni za ushairi, anatunga kwa Kiswahili.
- Himid: aliondolewa akiwa na miezi minne, alirithi asili na jina, si kumbukumbu, anatumia rangi, sanamu bapa na mpangilio wa kanga.
- Mutu: aliondoka kwa masomo, anakwenda na kurudi, anatumia kolaji na sanamu.

Wanafanana katika jambo moja: hakuna hata mmoja kati yao aliyeiacha Afrika Mashariki katika kazi zake. Wanatofautiana katika *namna* ya kuishika. Aliyekumbuka aliandika alichokumbuka. Aliyekuwa na lugha alikaa ndani ya lugha. Asiyekuwa na kumbukumbu alitafuta majina na nguo. Awezaye kurudi anarudi. Kwa hiyo, tunaposema msanii ni zao la jamii, tuongeze kwamba msanii wa ughaibuni ni zao la jamii mbili, na ni zao la safari iliyo kati yake. Ukiweza kuitetea hoja hii kwa mifano, umejibu swali.

6. Namna ya kujibu swali

Swali la mfano: "Msanii anayehama nchi yake hupoteza utambulisho wake." Jadili kauli hii.

Hatua ya 1: Elewa neno la amri. "Jadili" maana yake utazame pande zote kabla ya kutoa msimamo. Ukikubali tu au ukikataa tu tangu mwanzo hadi mwisho, hujajadili.

Hatua ya 2: Panga hoja. Andika kwa penseli hoja za kila upande. Kwa mfano:

Wanaounga mkono kauli:
- Msanii hukosa miaka ya kuishi na watu wake (Gurnah hakurudi hadi 1984).
- Huenda akatumia lugha ambayo watu wa kwao wengi hawaisomi (*Paradise* na *Peponi*).

Wanaopinga kauli:
- Lugha inaweza kusafiri na mtu (Abdilatif).
- Urithi unaweza kutafutwa upya hata pasipo kumbukumbu (Himid).
- Msanii anaweza kuishi kotekote (Mutu).

Hatua ya 3: Andika. Soma sehemu za jibu zifuatazo.

*Utangulizi:* Utambulisho ni jumla ya mambo yanayomfanya mtu ajijue na ajulikane, kama vile jina, lugha, imani na asili. Msanii anapohama nchi yake, mambo hayo hutikisika. Insha hii inajadili iwapo kutikisika huko ni sawa na kupotea, kwa kutumia mifano ya wasanii wa Afrika Mashariki.

*Hoja ya kukubali:* Ni kweli kwamba kuhama kuna hasara. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa na miaka 18 na hakuweza kurudi hadi mwaka 1984. Katika muda huo wazazi wake walizeeka bila yeye. Katika riwaya ya *By the Sea*, mhusika Saleh Omar anaingia Uingereza kwa jina lisilo lake, na kijisanduku chake cha udi kinachukuliwa na ofisa wa uhamiaji. Tukio hilo linaonyesha kuwa mhamiaji hupoteza vitu ambavyo wengine hawaoni thamani yake.

*Hoja ya kupinga:* Hata hivyo, si kila anayehama hupoteza lugha yake. Abdilatif Abdalla aliishi Dar es Salaam, London na Leipzig, na kote huko kazi yake ilikuwa Kiswahili. Mashairi yake yamehifadhi lahaja ya Kimvita pamoja na vina na mizani vya ushairi wa pwani. Hii inaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mbali na nchi yake akabaki ndani ya lugha yake.

*Hitimisho:* Kwa jumla, kuhama humwondolea msanii baadhi ya mambo, lakini hakumwondolei utambulisho wote. Humlazimisha kuutazama upya na kuchagua namna ya kuushika. Ndiyo maana wasanii waliohama kutoka pwani ile ile hutoa kazi zisizofanana.

Angalia kwamba kila hoja ina mambo matatu: kauli, mfano wenye jina na tukio, na maelezo ya kile ambacho mfano unaonyesha. Hoja isiyo na jambo la tatu imeishia njiani.

Hatua ya 4: Zingatia vitabu teule. Hii ni muhimu sana. Swali likisema "kwa kutumia vitabu viwili ulivyosoma", tumia vitabu teule. Wasanii wa sehemu hii wanafaa katika insha na maswali ya jumla, lakini hawachukui nafasi ya vitabu vilivyotajwa. Hata hivyo maswali manne uliyojifunza yanafanya kazi hukohuko. Chukua riwaya ya *Takadini*. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, sope, na mila za kijiji hazimtaki mtoto huyo aishi. Aliondokaje? Kwa kutoroka. Alibeba nini? Mtoto mgongoni na mapenzi ya mama. Anapokelewa na nani? Na mzee Chivero, katika kijiji cha Chifu Masasa. Je, kijiji kipya kinamwona kama mwenzao au kama mgeni? Ukiyajibu maswali haya kutoka kitabuni, utapata hoja za mgogoro, dhamira na wahusika kwa mpigo mmoja.

7. Makosa ya kuepuka

1. *Kuandika "amepoteza utamaduni wake" bila ushahidi.* Kauli hii huonekana katika majibu mengi. Ukiiandika, taja nini kimepotea, lini, na kimeonekana wapi katika kazi.

2. *Kusimulia maisha badala ya kuhakiki kazi.* Tarehe ya kuzaliwa haina thamani mpaka uoneshe inahusianaje na kazi. Kwamba Himid aliondoka na miezi minne ni muhimu kwa sababu inaeleza kwa nini anatafuta urithi kwenye nguo na majina.

3. *Kumfanya mhusika kuwa mwandishi.* Saleh Omar si Gurnah. Saleh ni mzee mfanyabiashara. Gurnah aliondoka akiwa kijana. Mwandishi hutumia aliyoyapitia, lakini hunakili kwa nadra.

4. *Kudhani ughaibuni ni Ulaya na Marekani tu.* Abdilatif alipokuwa Dar es Salaam alikuwa nje ya nchi yake.

5. *Kuhukumu kwa lugha peke yake.* Usiseme aandikaye kwa Kiingereza ni msaliti na aandikaye kwa Kiswahili ni mzalendo. Uliza anasema nini, na anamwambia nani.

8. Neno la mwisho kabla ya mazoezi

Mada hii inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Baada ya mtihani huu wengi wenu mtaondoka nyumbani: kwenda kidato cha tano mkoa mwingine, kwenda chuoni, kutafuta kazi mjini, na wachache kuvuka mipaka. Huko mtaulizwa kwenu ni wapi, na wakati mwingine mtaitwa majina ambayo hamkuyachagua. Usingoje mpaka hapo ndipo uanze kujua ulichobeba. Muulize bibi maana ya jina lako. Andika kisa kimoja cha nyumbani kabla hujakisahau. Hilo halitakupa alama katika karatasi ya mtihani, lakini litakusaidia kuelewa kwa nini mzee yule wa Gatwick alisafiri na udi.

9. Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya utambulisho na urithi. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka katika maisha yako.

2. "Fani ndiyo maudhui." Thibitisha kauli hii kwa kutumia kolaji za Wangechi Mutu na kazi ya *Naming the Money* ya Lubaina Himid.

3. Linganisha na kulinganua safari za Abdulrazak Gurnah na Abdilatif Abdalla kwa kuzingatia sababu za kuondoka na lugha wanayoitumia.

4. "Mwandishi ni zao la jamii yake." Jadili kauli hii kwa kutumia hoja tatu kutoka katika riwaya mbili teule ulizosoma. Tumia maswali manne ya sehemu ya 3 kupanga hoja zako.

5. Andika insha isiyopungua maneno 250 yenye kichwa "Nilichobeba Nilipoondoka Nyumbani."